Kile cha Mama cha Kutwangia

Hotuba kwa wazazi na walimu wa shule za msingi, Busia, upande wa Uganda

Ndugu mwenyekiti wa kamati ya wazazi, walimu wenzangu, wazee wetu, na akina mama mliofunga vibanda mapema ili mfike hapa: hamjambo. Mulembe. Yoga noi.

Nianze kwa kuwasumbua kidogo. Nataka jina la kitu. Watu wa pwani wakishakuna nazi huitia kwenye kifuko kilichosukwa kwa ukili, wakakisokota, tui likachuruzika na machicha yakabaki ndani. Kile kifuko kinaitwaje? Walimu wa Kiswahili, hili ni lenu, mmelisoma chuoni. Simu wekeni chini tafadhali.

Naona mwalimu mmoja kule nyuma anagonga meza kwa kidole. Unalijua? Anasema analijua. Linaanzaje? "Ki." Lina silabi ngapi? "Tatu." Haya, litaje. Haliji. Na wewe unayemcheka hapo mbele, wewe je? Nawe halikujii. Mwalimu, usijali, kaa nalo, nitakurudia. Ila angalia hali uliyo nayo sasa hivi: uso umepata moto, watu wamekugeukia, na kadiri unavyolivuta neno ndivyo linavyorudi nyuma. Tunasema liko kwenye ncha ya ulimi. Wewe limekupata leo, kesho umelisahau. Mimi nimekuja kuwaelezeni juu ya watoto wanaoshinda katika hali hiyo tangu saa mbili asubuhi mpaka kengele ya mwisho, siku zote za shule.

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha darasa la tano katika shule moja ya hapa mpakani. Shule sitaitaja, na mtoto sitamtaja. Wenzake walimwita Nanihii, kwa sababu neno hilo halikubanduka mdomoni mwake. "Nanihii amechukua nanihii ya mwalimu." Mnacheka, na mimi nilikuwa nacheka.

Siku hiyo tulikuwa kwenye vyombo vya jikoni. Nilikuwa nimechora kinu ubaoni, na naomba mniamini kwamba kilifanana na kinu. Nikamnyooshea kijiti. Akasimama.

"Ni kile... kile cha mama... kile cha kutwangia." Akanyamaza. Kisha akasema, "Mchi."

Darasa likaangua kicheko. Yeye mwenyewe akatikisa kichwa kulikataa jibu lake, akafumba macho, akasema tena, taratibu, "Kile cha mama cha kutwangia."

Mama yake alikuwa akiuza karanga za kutwanga sokoni, na darasa zima lilijua. Nikajiambia: mtoto wa muuza karanga asiyejua kinu, huyu ananichezea. Nikampiga viboko viwili. Waraka wa wizara wa kukataza viboko ulikuwapo tayari, na baadaye sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 ikaja kulifunga jambo hilo kabisa, kwa hiyo sina pa kujifichia. Nilimpiga mtoto kwa kosa la kujua kitu na kukosa jina lake.

Jioni mama akaja. Hakuja kugomba. Alisimama mlangoni na beseni lake kichwani.

"Samahani kukupotezea muda, mwalimu. Huyu mtoto nikimtuma sokoni vitu vitano, ataleta vitano na chenji kamili. Ila usimwulize amenunua nini. Hapo mtakesha."

"Sasa mama, mbona hukuniambia mapema?"

"Ningekuambia ana nini, mwalimu? Hali yenyewe haina jina."

Basi tukawa watatu. Mtoto hana neno la kinu, mama hana neno la hali ya mwanawe, na mwalimu mwenye diploma hana cha kuchangia ila fimbo.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo lilipaswa kutangulia fimbo. Nilimwita wakati wa mapumziko, nikapanga vitu kumi juu ya meza, vingine nimeviazima kwa mpishi wa shule: kinu kidogo na mchi wake, ungo, chungio, karai, mwiko, sufuria, panga, jembe, kibiriti. Nikamwambia, "Nionyeshe chungio." Akaligusa. "Nionyeshe ungo." Akaugusa. Kumi kwa kumi, bila kusita. Kisha nikageuza swali. Nikawa mimi ndiye ninayeshika kitu na kuuliza, "Hiki nini?" Akapata vinne. Kinu akakiita mchi. Chungio akaliita, kwanza, "chu... chungwa," akajishtukia: "Hapana, chungwa tunakula." Kwa panga alinionyesha mkono, akafyeka hewa.

Siku mbili baadaye nilirudia. Chungio akalitaja papo hapo. Jembe, ambalo juzi alikuwa amelipata, likampotea.

Hapo ndipo walimu wengi tunapojikwaa. Tukisikia jana alisema na leo hasemi, tunasema ni uvivu, ni kiburi, au anafanya makusudi. Kumbe huko kupata na kupoteza ndiko dalili yenyewe. Mtoto asiyelijua neno halijui Jumatatu wala Jumanne. Huyu analo, njia ya kulifikia ndiyo inayofunguka na kufunga. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Huyu maana anayo yote, mpaka chenji anakuletea.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1966, wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Roger Brown na David McNeill, waliwafanyia wanafunzi mchezo kama huu niliowafanyia nyinyi. Walisoma maelezo ya neno adimu, mathalani kile kifaa cha mabaharia cha kupimia pembe kati ya jua na upeo wa bahari, kisha wakauliza jina. Wale waliokwama neno likiwa ulimini, walipoulizwa herufi ya kwanza walipatia zaidi ya nusu ya mara, na idadi ya silabi pia waliipatia zaidi ya nusu ya mara. Kama mwalimu wetu wa nyuma: "ki", na silabi tatu. Kwa hiyo neno halikai kichwani kama jiwe moja. Maana ina mahali pake, sauti zina mahali pake, na katikati kuna njia. Kwa wengi wetu njia hiyo imekanyagwa mpaka imekuwa barabara. Kwa mtoto huyu ni ujia wenye majani, leo anapita, kesho hauoni. Mara nyingine anatokea kwa jirani: ametafuta kinu akaibuka kwa mchi, kwa kuwa wanaishi pamoja. Mara nyingine anatokea kwenye nyumba yenye mlango unaofanana: chungio, chungwa. Haya makosa mawili ni tofauti, na mwalimu akiyasikiliza atajua mtoto anapotelea upande gani.

Tena kuna jambo ambalo sisi wenye Kiswahili tumepewa bure. Mwaka 1997 lilichapishwa jaribio lililofanywa kwa Waitaliano, ambao nomino zao zina jinsia ya kike na ya kiume. Ilionekana kwamba mtu aliyekwama kwenye neno mara nyingi huijua jinsia yake hata kabla ya kulipata neno lenyewe. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Sisi tuna ngeli! Yule kijana wangu, nilipomwonyesha mwiko, alisema: "Ule... ule wa posho, wetu umevunjika." Hesabuni wenyewe. Ule, wa, wetu, umevunjika: mara nne amekiri kwamba neno analolitafuta liko kwenye ngeli ya mwiko. Neno hana, mkia wake ameushika. Tangu siku hiyo nasikiliza viambishi kuliko nomino.

Tahadhari moja tu, kwa walimu wenzangu msije mkaondoka mkasema nimewadanganya. Mtoto akisema "kile kitu", hiyo ki- ni ya kitu, haikuelezi lolote. Na mimi nilipouliza "kile kifuko" pale mwanzo, nilimtolea mwalimu wetu ile "ki" kwa hila. Sikilizeni ngeli inapokuja bila kualikwa.

Sasa, si kila mtoto anayesita ana tatizo hili. Kigugumizi ni kitu kingine: mwenye kigugumizi neno analo mdomoni, linagoma kutoka. Ka-ka-ka-karai. Yule mwingine karai halijafika hata mlangoni. Halafu kuna masikio. Mtoto ambaye masikio yametoka usaha tangu utotoni huenda hakuyasikia maneno vizuri ili ayahifadhi, kwa hiyo kabla ya lolote mpelekeni akapimwe masikio. Na kuna degedege. Najua hapa ndani wapo wazazi ambao watoto wao walishikwa na degedege kwa malaria, na wapo walioambiwa ni mapepo. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto waliopona malaria ya ubongo walifuatiliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba miaka miwili baada ya kuugua, kama mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu fulani katika kukumbuka, kuwa makini au kujifunza. Kilifi, kwa majirani zetu Wakenya, watafiti walikuta pia matatizo ya lugha kwa baadhi ya watoto kama hao. Mzazi, mtoto wako akiwa na historia hiyo, mwambie mwalimu. Usiione aibu. Yule mama wa karanga aliponisimulia kwamba mwanawe aliwahi kulazwa kwa degedege akiwa na miaka mitatu, mimi nilikuwa nimeshakaa naye darasani mihula miwili bila kuuliza.

Wengine hawana historia yoyote. Wamezaliwa hivyo. Lugha kwao ni ngumu kama hesabu zilivyo ngumu kwa mwingine, ingawa akili zao ni timamu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watoto wapatao wawili katika darasa la watoto 30 wana ugumu wa lugha usio na sababu inayoonekana, na kutafuta neno ni sehemu ya mzigo huo kwa wengi wao. Hesabu hiyo ni ya kule. Lakini mimi nimefundisha darasa la watoto 90, na nawaomba walimu mpige wenyewe hesabu ya kichwa.

Naambiwa, "Mwalimu, hawa wanachanganywa na lugha nyingi." Kisamia nyumbani, Kiteso kwa jirani, Kiswahili sokoni na kwenye boda boda, Luganda redioni, Kiingereza ubaoni. Tangu mwaka 2007 watoto wa vijijini huanza kusoma kwa lugha ya nyumbani mpaka darasa la tatu, kisha la nne wanavuka kwenda Kiingereza, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Sisi walimu wa Kiswahili tulipiga vigelegele, na haki yetu. Lakini lugha nyingi hazileti ugonjwa huu. Ni kweli kwamba mtu wa lugha mbili tatu hukwama kwenye neno mara nyingi zaidi kidogo, kwa kuwa kila neno amelitumia mara chache. Hiyo ni ada ya kawaida tu ya kuwa na maghala mengi. Tatizo ninalolizungumzia linamfuata mtoto mpaka lugha ya mama yake. Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni kumwuliza mama au nyanya: je, hata Kisamia kinampotea? Akijibu kwamba akiwa nyumbani maneno yanamiminika kama maji ya mto Malaba, basi mtoto hajajifunza Kiingereza, basi. Mfundisheni. Akijibu kwamba hata nyumbani ni "kile, kile", hapo tuna kazi.

Na tafadhali, mtu asiwashauri mumnyime mtoto lugha ya nyumbani eti aokolewe. Neno likimjia kwa Kisamia, lipokeeni kwa Kisamia. Ameshapata maana na ameshapata sauti ya mahali fulani. Kuvuka kutoka hapo ni rahisi kuliko kutoka kwenye ukimya.

Haya, tufanye nini? Nitasema la darasani kwanza kwa sababu ndilo linalonichoma.

Tusubiri. Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, alipima miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Ilikuwa kama sekunde moja! Walimu walipojizuia mpaka sekunde tatu, majibu yakarefuka na watoto wasiojibu wakapungua. Sekunde tatu, mbele ya watoto 90 wenye vidole juu wanaoita "mimi, mimi, mwalimu", ni ndefu kuliko foleni ya malori hapo nje. Mimi huhesabu vidole mfukoni. Na yule mtoto simwulizi kwa kumvamia. Namwambia pembeni, "Nikimaliza swali la fulani, nitakuuliza jina la hiki." Anapata dakika mbili za kulitafuta kimyakimya, na darasa halijui siri yetu.

Kuna desturi yetu moja ya Uganda ambayo wageni huicheka. Mwalimu anasema, "Hili ni kaaa..." na darasa zima linaitikia, "raaai!" Jamani, hiyo ni dawa. Kumpa mtu silabi ya kwanza ndicho hasa wanachofanya wataalamu wa matamshi na lugha na mtoto aliyekwama. Kosa letu ni kwamba tunaitoa kwa watoto 90 kwa pamoja, na katika ule mwitikio mtoto mmoja anayeihitaji anachezesha midomo tu, anajificha ndani ya sauti za wenzake, mwaka mzima. Mpe yeye peke yake, kwa sauti ya chini, ukipita karibu na dawati lake. Na Kiswahili kinatusaidia, silabi zetu ziko wazi: mfundishe alipige neno makofi wakati analijifunza. Ki-pe-pe-o, manne. U-ngo, mawili. Siku litakapompotea, idadi ya makofi huenda ikalirudisha.

Ila kumpa silabi kila siku ni kumbeba mgongoni. Lengo ajitafutie mwenyewe. Hapo nilikuja kugundua kwamba bibi zetu walikuwa na somo zima tayari. Kitendawili! "Tega." Nyumba yangu haina mlango. "Yai." Ukilitazama vizuri, kitendawili ni maelezo ya kitu bila jina lake, na mtoto huyu ni bingwa wa maelezo bila jina. "Kile cha mama cha kutwangia" kilikosa neno "kitendawili" tu mbele yake. Nikamgeuza Nanihii kuwa mtegaji. Kila Ijumaa alitega vitatu, wenzake wakatafuta. Alikuwa hodari, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akifanya mazoezi ya kuzunguka neno. Na kwa kulizunguka kutoka pande zote, kinatumika wapi, kimetengenezwa kwa nini, kinakaa na nani, kinafanana na nini, ule ujia ukawa unakanyagwa. Jina la Nanihii lilififia lenyewe. Sikumpiga mtu.

Nyumbani mzazi usimkimbilie kumalizia neno. Najua mna haraka, uji unaungua. Lakini pia usimlazimishe mpaka alie. Akikwama mwulize, "Kinafanya kazi gani? Kinaanzaje?" Asipolipata, mtajie, alirudie mara moja, mwendelee na maisha. Msifanye mtihani mezani.

Kuhusu mitihani ya kweli nitapita haraka. Jaribio la darasani mwandikie orodha ya maneno ya kuchagua pembeni. Anayejua atachagua sawasawa. Baraza la mitihani la taifa, UNEB, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada, lakini lazima shule ipeleke habari mapema, kwa hiyo msisubiri muhula wa mwisho wa darasa la saba ndipo mmwone mwalimu mkuu. Wataalamu wa matamshi na lugha tunao wetu: Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Ni wachache, na wengi wako Kampala, yapata kilomita 200 kutoka hapa, nauli mnaijua. Mkipata nafasi moja tu, nendeni na karatasi. Andikeni kwa mwezi mmoja maneno yaliyompotea na alichosema badala yake. "Kinu, akasema mchi. Chungio, akasema chungwa." Karatasi hiyo itamwokoa mtaalamu saa nzima.

Yule kijana sasa ana kibanda cha vyuma vya baiskeli. Nilikwenda kwake mwezi uliopita kununua ile... naona mnangoja, hapana, safari hii mimi ndiye niliyekwama. Ile ya kuzuia matope. Alinitazama, hakuharakisha. Akaniuliza, "Linaanzaje, mwalimu?"

Nimeona mkono kule nyuma. Sema, mwalimu.

Kifumbu. Ndilo. Ki-fu-mbu, makofi matatu. Umelipata mwenyewe.

Chai naona iko tayari. Tunywe huku tukiuliza maswali.